Koja la Kitalu cha Saba

Tume ya kwanza ilisema ni pilau.

Kurasa mia mbili na kumi na nne, muhuri, sahihi tano, na mwisho wa yote wakaandika kwamba wanawake kumi na mmoja wa Kitalu cha Saba waliuawa na chakula kilichochacha, kilichopikwa na Bi Mwanakheri Mbaruku, mama mzazi wa mmoja wa marehemu. Ripoti ile nimeisoma mara nyingi kuliko walioiandika. Ukurasa wa tisini naweza kukusomea macho nimefumba. Miaka kumi na tisa nimeibeba mikutanoni, misibani, kwenye mageti ya Kampuni, mpaka watoto wa Muheza wakanitungia wimbo: Mwatumu kaja, funga mlango.

Kisomo changu ni darasa la saba. Mengine nimeyaokota. Kampuni ilikuwa ikifungia miche kwa karatasi za majarida yao ya utafiti. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua miche, basi nikifungua nakunjua karatasi, naipiga pasi kwa kiganja, naitia kifuani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mmea hauna pua lakini unanusa. Jani likitafunwa na kiwavi linatoa harufu, na mti wa jirani ukiipata harufu hiyo unaanza kujipikia sumu kabla kiwavi hajafika. Jirani humwamsha jirani. Nilipowaeleza wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. "Mwatumu, hata maua nayo umeyaandikisha chama cha wafanyakazi."

Saumu, binti wa Bi Mwanakheri, ndiye aliyesema hivyo. Alikuwa na siku nne aolewe.

*

Mlango wa Kitalu cha Saba, uliofungwa tangu walipotolewa marehemu, ulikatwa kwa msumeno Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa amri ya tume ya pili. Tulikuwa watu watatu: askari wa kulinda, Daktari Hiza Shekiondo ambaye ni mtaalamu wa mimea wa tume, na mimi, niliyeitwa kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki Muheza anayejua kutunga koja la asmini kwa mkono. Wengine wote siku hizi wanatungiwa na mashine.

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Mlango ukaanguka ndani, vumbi likatulia, na maneno yakanipotea.

Asmini ilikuwa imekwenda juu. Vichaka tulivyoviacha vikitufika kiunoni vilikuwa vimepanda nguzo, vimetoboa paa la kioo, vimeshuka tena upande wa pili, vikasokotana mpaka usijue tawi hili la shina lipi. Hakuna aliyevimwagilia. Vilikunywa mvua iliyopenya kwenye nyufa, miaka yote hiyo, vikiwa vimefungiwa kama mahabusu. Na vilikuwa vimezaa. Vitumba vyeupe, virefu, vimefumba, vimejaa paa zima, vyote vimeinamia chini kutuelekea sisi tuliosimama mlangoni.

Askari akavua kofia. Sidhani alijua kwa nini.

"Usiguse kitu," Hiza akanong'ona, ingawa hakuna aliyekuwa ameinua mkono. "Dada Mwatumu, hii haikupaswa kuwa hai."

Asmini hii haikuwa ya kawaida. Kampuni iliiumba kwa ajili ya harusi zetu, na nitawapa haki yao, waliiumba vizuri. Bibi harusi anavishwa koja, ananyunyiziwa marashi kama mila ilivyo, na yale marashi yanakiamsha kitumba: kinaanza kunywa hewa ya siku ile, bizari, mafuta ya nywele, jasho la wachezaji, vyote, kisha kinajifunga. Kinakaushwa, kinawekwa kisandukuni. Hata ikipita miaka ishirini, mwanamke huyo akilivaa tena, likapata joto la shingo na marashi mara ya pili, koja linafunguka kitumba baada ya kitumba na kumrudishia siku yake, kwa mpangilio wake. Kisha basi. Likifunguka limefunguka.

Kichaka kisichoonja marashi hakina kumbukumbu yoyote; kikionja, kinaishika siku ile na kuirithisha vitumba vya kila msimu. Ndiyo maana Kampuni haikuhangaika kuvichoma vichaka vya Kitalu cha Saba. Nani anyunyizie marashi kichaka?

Nitakwambia nani. Siku ile, mapumziko ya mchana, tulimfanyia Saumu kisherehe kidogo mle kitaluni, kwa pilau la mama yake, chinichini, msimamizi asione. Tulipomaliza kunyunyiziana, mmoja wetu akazunguka na mrashi, akavinyunyizia vichaka kimoja kimoja huku akiviinamia: "Karibuni wageni, karibuni, msione haya." Tukafa kwa kicheko.

Vichaka vikakaribia, vikaanza kunywa.

*

Tulivuna vitumba mia nne na kumi. Hiza alisema mashina yameoza ndani, msimu huu ndio wa mwisho. Tume ingekaa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nilikuwa na mchana mmoja. Nikatandika mkeka chini ya banda la kupimia miche, nikalowanisha uzi, nikaanza.

Hiza alikaa mbele yangu na mashine yake ya kunusa, kisanduku chenye mdomo mwembamba kama wa chiriku. Aliweza kuupeleka kwenye kitumba na kusema kilichomo bila kukifungua. Ila hakuweza kusema kipi kilitangulia, na hapo ndipo mimi nilipohitajika. Kitumba cha tawi la chini kina kikonyo kilichopinda, cha tawi la juu kimenyooka, cha ncha kina wekundu kidogo shingoni. Kidole kinajua. Na vitumba vile haviamshani ovyo: kila kimoja kinakisikia kile tu kilichorithi saa inayopakana na yake. Ukikosea mpangilio, koja linakaa kimya shingoni kama uzi wa kufungia mzigo.

"Wewe umesomea wapi haya?" akaniuliza.

"Kwenye karatasi za kufungia miche."

Akacheka, halafu akaona sicheki.

Tukaendelea. Anapima, anataja, ananipa. "Mchele. Iliki. Bizari nzima, nyama ya mbuzi." Akasita, akarudia vitumba sita mfululizo. "Dada, kuchacha hakumo. Hata chembe. Pilau hii ilikuwa safi."

Nilijua. Nililila pilau lile. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mashine ya serikali kusema ni kitu kingine, na nikajichoma sindano.

"Marashi," akasema. "Mafuta ya nazi." Muda ukapita. "Na hizi hapa, dawa ya kuua kuvu. Nyingi. Mungu wangu, nyingi mno." Akavitenga kwenye kisahani, akajifuta uso. "Hii inatosha. Hii peke yake inatosha kuwapeleka mahakamani."

Kisha akanusisha mashine kundi lililobaki katikati, akakunja paji.

"Moshi," akasema. "Vitumba thelathini na tatu vyenye moshi. Moshi umetoka wapi ndani ya kitalu?"

Nikalowanisha uzi tena.

"Maana vitalu hivi vilikuwa na jicho la kuvu darini. Unajua jicho la kuvu? Linahesabu punje hewani. Kuvu likianza kumwaga vumbi lake, jicho linafunga milango na mabomba yanamwaga dawa. Halitofautishi vumbi la kuvu na punje za moshi." Akanitazama. "Wala halikuwekewa kuangalia kama kuna mtu ndani. Hilo ndilo kosa lao, na hawana pa kujificha. Lakini wakili wao akiuona moshi atashikilia hapo hapo. Atasema mliwasha moto wenyewe."

"Vikiachwa je?"

"Koja litakatika hapo katikati." Akawaza. "Ila ukiweka majani ya mrehani kwenye pengo, harufu yake kali, inaweza kuvusha. Koja litaruka kutoka marashi hadi dawa na hakuna atakayejua. Mimi kazi yangu kupima. Mtungaji ni wewe."

Mrehani ulikuwa pale pale, fungu zima, kwenye beseni la maji. Mimi mwenyewe niliuleta.

Sasa nikwambie. Bibi harusi wa kwetu hanyunyiziwi marashi tu, anafukizwa. Chetezo kilikuwa changu. Udi ulikuwa wangu, niliuchanganya mwenyewe na mdalasini, hakuna mwingine aliyechanganya hivyo Muheza nzima. Nilikiweka chini, Saumu akasimama juu yake, tukamfunika kanga kama hema, moshi ukamtoka kila upande naye anakohoa na kucheka. Makaa yakapungua. Nikasema nakwenda kuongeza. Nilikuwa nimefika jikoni, nje ya kitalu, niliposikia makomeo yanajifunga nyuma yangu, kwa mpigo mmoja, milango minne.

Miaka miwili baadaye nikakunjua karatasi ya miche nikasoma habari za jicho la kuvu. Nilisoma mara moja tu ile karatasi. Ndiyo pekee niliyoichoma.

Tangu hapo sijanyamaza hata siku moja, na hilo sijalisema hata siku moja.

*

Bi Mwanakheri alikuja adhuhuri imepita, na sufuria la mihogo ya kuchemsha kichwani. Ana miaka sabini na minne na anatembea kama mtu aliyetumwa.

"Shikamoo mama," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Kuleni. Mikono yenu ina kazi, nitawalisha." Na kweli akatutia mihogo midomoni, mimi na daktari wa serikali, mmoja mmoja, kwa sababu hatukuweza kuacha vitumba. Hiza alitafuna macho kayaelekeza chini.

"Nasikia mashine imesema," akasema.

"Imesema, mama. Pilau lilikuwa salama. Leo jioni watasikia wote."

Yule mama hajapika pilau tangu siku ile. Harusi zote za mtaani kwao anakwenda, anamenya vitunguu, anachambua mchele, na chungu kikitiwa moto anaondoka mwenyewe, asimsumbue mtu.

"Na koja atalivaa nani?"

Hatukuwa tumelifikiria. Linahitaji joto la shingo ya mtu.

"Nitalivaa mimi," akasema. "Saumu hakupata la kwake." Akauinamia mkeka, akaangalia visahani vyangu, bizari huku, dawa kule, na kile cha katikati. "Na humo mna nini?"

Hiza akanitupia jicho. Nikasema, "Bado tunapima, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akajitwika sufuria lake, akaondoka.

Hiza alingoja mpaka alipofika barabarani. Halafu akachukua kitumba kimoja kutoka kisahani cha katikati, akakipima tena, taratibu, mashine akiwa ameipandisha nguvu zote.

"Huu moshi una mtu ndani yake," akasema. "Angalia. Ngozi, nywele, jasho, mafuta ya nazi. Mtu mmoja, kwa karibu sana, kama amevikwa moshi. Kwingine kote wamechanganyika kumi na wawili. Humu tu ndimo alimo peke yake."

Kumi na wawili. Mashine ilikuwa imenihesabu na mimi, na Hiza hakugundua.

Nilitazama mrehani. Nitasema kweli, kwa kuwa nimeamua kutoficha kitu humu: nilichukua majani matano, nikayatoboa, nikayavuta mpaka kwenye fundo. Nilijiambia ni kwa ajili ya kesi. Nilijiambia maneno yote ninayowaambia wenzangu jukwaani. Kampuni imeua, na anayemsaidia wakili wa muuaji naye ni nani? Ilikuwa hoja nzuri. Ningeweza kuisimamia mbele ya yeyote.

Ila koja lile lingemfikia mama yake Saumu shingoni, na binti asingekuwamo.

Nikayakata majani. Nikatunga thelathini na tatu.

Vilibaki vitumba kumi na vitano ambavyo mashine ilisema havina kitu. Nikavitia mwisho kabisa, ili koja lifunge duara.

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa shule, madirisha wazi, watu wamejaa mpaka uani. Wajumbe watano, karani, wakili wa Kampuni na miwani yake. Hiza alieleza kwa dakika kumi, akaapa kwamba dawa iliyomo kwenye vitumba haimdhuru mtu kwa uchache wake. Kisha mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, akasema, "Haya, Bi Mwanakheri."

Nikamvisha. Nikachukua mrashi, nikamnyunyizia mara tatu, kichwani, begani, kifuani. Nikarudi nyuma.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Mtu akakohoa. Halafu kitumba cha kwanza kikafunguka, chini ya kidevu chake, ukaona kabisa petali zinajikunjua kama mtoto anayefungua ngumi, na cha pili kikasikia, na cha tatu.

Pilau likaingia ukumbini.

Sina namna ya kulieleza vizuri. Ilikuwa hewa, si harufu. Ilikuwa mchana ule, na joto lake, na unyevu wa kioo. Iliki ikaja, mbuzi akaja, na watu wote wale, mia na ushee, wakameza mate kwa pamoja. Mjumbe mmoja akageuka kuutazama mlango kama anayengoja sinia. Tuhuma ya miaka kumi na tisa ikafa hapo, bila mtu kusema neno, kwa sababu kila aliyekuwa mle alijua angelila pilau lile na kuomba la pili.

Marashi yakafuata, na wanawake. Vikwapa, sabuni ya mche, tangawizi ya chai. Nikawatambua mmoja mmoja. Kulikuwa na mtu uani aliyeita jina la dada yake, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwona ng'ambo ya barabara.

Kisha udi.

Ulipanda polepole, na mdalasini ndani yake, na katikati ya moshi akawepo binti mmoja mwenye mafuta ya nazi kichwani, jasho kidogo shingoni, miaka ishirini na miwili. Bi Mwanakheri hakulia. Alinyoosha mikono mbele yake, viganja juu, akakaa hivyo, kama mtu anayepokezwa mzigo.

Hapo dawa ikaja. Mbichi, chungu, ya chuma. Ilikata kila kitu kwa pumzi moja. Watu walijiziba pua, karani akasimama, viti vikaanguka. Haikudumu hata dakika, na hakuna aliyehitaji kuelezwa chochote.

Wakili alikuwa amekwisha inuka. "Mheshimiwa mwenyekiti, iandikwe kwamba kabla ya dawa tumenusa moshi. Palikuwa na moto. Marehemu waliwasha moto kwenye kitalu kinyume cha taratibu, na—"

"Si marehemu," nikasema.

Nilikuwa nimesimama. Kusimama ndiyo kazi yangu, nimesimama mbele ya mabomu ya machozi. Safari hii nilishika kiti cha mbele yangu.

"Chetezo kilikuwa changu. Niliingiza mimi, nikawasha mimi, nikatoka. Hatukujua kuna jicho. Ilani ya pale mlangoni ilikuwa kwa lugha ya waliolitengeneza. Nikaja kujua baadaye."

"Lini?" akauliza mwenyekiti.

"Miaka kumi na saba iliyopita."

Ukumbi ukanguruma. Wakasikika wanaosema yao, na mengine nilistahili. Nikamgeukia Bi Mwanakheri, koja bado linamfunguka kifuani, na nikashindwa kumwita mama.

"Keti, Mwatumu," akasema.

Sikuketi.

"Nilimwosha mimi," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu walinyamaza. "Nilizifungua nywele zake kwa mikono hii. Zilinukia udi wenye mdalasini. Nani mwingine Muheza anachanganya udi na mdalasini? Sikujua moshi umefanya nini, mimi sina karatasi zako. Nilijua tu kwamba ulikuwepo. Nikasema, atakuja aniambie. Kila ukija barazani kwangu na magazeti yako nilikutilia chai nikangoja." Akavuta pumzi. "Umenywa chai nyingi."

"Mama."

"Sasa nyamaza. Halijaisha."

Nikaketi. Vilikuwa vimebaki vile kumi na vitano, vilivyokosa kitu. Vikafunguka kimoja kimoja, bila haraka, na sote tukasogea mbele kwenye viti vyetu kusubiri kilichomo.

Ilikuwa asmini. Asmini tupu, tamu, safi, kama ilivyonukia kitaluni siku ile dawa ilipokwisha kutua. Hapakuwa na jasho wala mafuta, wala pumzi ya mtu. Maua yalikuwa yamekumbuka jinsi yalivyobaki peke yao.

Wakili alikuwa ameketi, miwani mkononi. Karani akauliza taratibu aandike nini kuhusu vitumba vya mwisho, na mwenyekiti akamwashiria aweke kalamu chini.

Jua lilikuwa limeingia kwa madirisha ya magharibi. Bi Mwanakheri alilivua koja, likiwa limefunguka lote, jeupe, halina siri tena, akalizungusha mkononi kama anayelipima urefu. Alikuja mpaka nilipoketi. Nilidhani atanivisha, na nilidhani atanipiga, na vyote viwili ningevipokea.

"Ijumaa uje nyumbani," akasema. "Uniambie yote, tangu ulipotoka mlangoni mpaka leo. Usiruke."

"Nitakuja."

"Uje na njaa. Napika pilau."